Ushauri: riwaya inayosimuliwa na mbwa kwa mtoto anayelia mnyama akifa

Mama_Kurasa: Wakuu habari zenu. Natafuta riwaya za kugusa moyo ambazo msimulizi ni mbwa mwenyewe. Msikilizaji ana miaka 9, nitamsomea kwa sauti. Tatizo ni kwamba zinazosifiwa nyingi mbwa anakufa. Nichague vipi?

Mpekuzi: Anza kwa kuangalia nani anasema "mimi". The Call of the Wild ya Jack London (1903) haikosekani kwenye orodha hizi, ila Buck, mbwa wa humo, hasimulii neno, na vipigo humo ni vingi. Si ya kabla ya kulala. Mbwa anayejisimulia kweli yumo kwenye Beautiful Joe ya Marshall Saunders (1893). Angalizo: sura za mwanzo mwenye mbwa anamkata masikio na mkia kwa shoka. Hapo pitisha kwa sentensi moja, uwahi familia inayomchukua.

Ukurasa wa Mwisho: Kuna A Dog's Purpose ya W. Bruce Cameron (2010). Mbwa anakufa zaidi ya mara moja, lakini kila mara anazaliwa mbwa mwingine akiwa na kumbukumbu zilezile, kwa hiyo kilio hakidumu. Jihadhari na mwisho (nafichua, samahani): anayeaga ni binadamu. Kwa miaka 9 bora Ellie's Story ya mwandishi huyohuyo. Imeandikwa kwa watoto, inamfuata mbwa mmoja tu, wa kutafuta watu waliopotea.

Mpekuzi: Kupima kitabu usichokijua, fungua ukurasa wowote wa katikati. Harufu na sauti zitangulie, macho yafuate. Mbwa hutambua bluu na manjano, nyekundu na kijani humchanganya. Anayesifia wekundu wa machweo ni mwandishi aliyevaa manyoya. Na akielewa kila neno la wakubwa, utamu umeisha. Raha yote iko kwenye asichoelewa.

Sauti_ya_Pili: Hapo ndipo wasomaji wengi wanaharibu. Mbwa anaeleza kitu kirefu kinachonguruma na kumeza vumbi zuliani, msomaji anadakia: "hiyo ni mashine ya kufagia!" Nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi tano, mtoto ataitaja mwenyewe. Sauti ya kitoto usiiige, itakuchosha kabla ya sura ya tatu; punguza tu kasi mbwa anaponusa. Kila sura itangulie kuisoma peke yako kabla hujamsomea, na kikao kikomee mbwa akiwa salama, hata kama ni katikati ya sura.

Mama_Kurasa: Shukrani sana. Na akiuliza "mbwa atakufa?" kabla hatujaanza?

Ukurasa wa Mwisho: Mjibu kweli, dada. Ukisema hafi halafu akafa, kitabu kinachofuata hatakuamini. Kama anakufa, mwambie ni sura ya ngapi, na siku hiyo someni mchana.

Sauti_ya_Pili: Na msiiache sura hiyo nusu. Malizeni yote kikao kimoja.