Dizeli inachemka: rejeta mpya, gasketi ya hedi au injini nyingine?

Mpitanjia_Entebbe, Jumatatu saa 2 usiku

Wakubwa kwa wadogo, hamjambo. Gari yangu ya dizeli inachemka. Nimepita kwa mafundi watatu na kila mwamba ngoma amevutia kwake. Wa kwanza kule Ndeeba, Kampala, anasema rejeta imeziba, ninunue nyingine kwa shilingi laki 6. Wa pili anasema gasketi ya hedi, ile inayokaa kati ya kichwa cha injini na bloku, imekwenda. Kufungua, kusawazisha na kufunga ni milioni 1 na laki 8. Wa tatu hakufungua hata boneti. Aliniambia niachane na injini hiyo, anayo ya mtumba kutoka Japani, milioni 7 ikiwa imefungwa.

Nina milioni 3. Tarehe 20 tunapeleka mahari ya mdogo wangu Kabale, na mimi ndiye wa kubeba wazee. Nichague lipi?

Fundi_wa_Nozo, saa 2 na dakika 20

Dizeli gani, ndugu? Hujataja gari, hujataja injini, hujasema inachemka kwenye foleni au mlimani, wala kama inapoteza maji. Umempigia daktari simu, ukasema "naumwa", ukakata.

Mzigo_Malaba, saa 2 na nusu

Ni injini ya Toyota hiyo, 1KZ. Mtu akitaja dizeli, hedi na mtumba kwa pumzi moja, usiulize tena.

Afande_Mstaafu, saa 3 kasoro

Uza. Tafuta Toyota yenye injini ya 1HZ. Haina turbo, haina sanduku la umeme la kukutisha, na hedi yake inasamehe. Tumezisukuma Karamoja kiangazi, maji ya kunywa yanaisha kabla ya maji ya rejeta.

Fundi_wa_Nozo

Afande, mtu ana milioni 3. Landcruiser ya 1HZ kwa milioni 3 ni mlango na usukani.

Mpitanjia_Entebbe, Jumanne asubuhi

Samahani, nililala. Ndiyo, ni Prado ya 1998, 1KZ-TE. Mzigo_Malaba, umejuaje? Gari yangu inachemka sana, naomba msaada.

Mwana_wa_Tanga

Gari *langu linachemka*. Jukwaa ni la Kiswahili.

Afande_Mstaafu

Kijana wa Tanga, Kiswahili chetu huku kilipitia kambini, hakikupitia baraza la waungwana. Gari yake imechemka, na wewe umeelewa. Endelea, Mpitanjia.

Fundi_wa_Nozo

Bado hajajibu. INACHEMKA WAPI?

Mpitanjia_Entebbe

Foleni ya Kibuye haina shida, hata nusu saa. Nikiwa peke yangu kwenye tambarare haina shida. Nikipakia watu nikapanda mlima, mshale unapanda, kile chupa cha akiba kinajaa hadi kinamwagika. Ikipoa nakuta rejeta imepungua, naongeza lita moja hivi kila baada ya siku mbili. Oili ni safi, haina rangi ya chai ya maziwa. Moshi mweupe sijaona.

Fundi_wa_Nozo

Sasa tunaongea. Gari linalochemka kwenye foleni na kupoa likitembea, shutumu feni kwanza. Lako ni kinyume: foleni salama, mlima na mzigo ndipo linaudhika. Hapo kuna watuhumiwa wanne: rejeta iliyoziba ndani, kifuniko cha rejeta, thamostati (valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto) isiyofunguka yote, na gesi ya silinda inayopenya kwenye maji kupitia gasketi au ufa wa hedi. Usinunue chochote kabla ya kuwapima wote wanne. Ukiwapima wote hutumii hata laki 2.

Anza alfajiri, injini ikiwa imelala usiku kucha. Minya mpira wa juu wa rejeta kabla ya kuwasha. Ukiwa bado mgumu, na ukifungua kifuniko kinapumua, hiyo ni gesi, maana maji yaliyopoa hayana nguvu ya kusukuma kitu. Ukiwa laini, jaza maji, funga, washa. Mpira ukikakamaa ndani ya dakika moja au mbili, kabla injini haijapata joto, jibu ni lilelile.

Kifuniko watu wanakidharau kwa sababu ni elfu 30. Kampala tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na presha huchemkia kwenye nyuzi 96. Kabale ni karibu mita 2,000. Kule yanachemkia nyuzi 93. Kifuniko kizima cha ba 0.9 (ba ni kipimo cha presha) kinayafanya maji ya Kabale yavumilie hadi nyuzi 115 hivi. Springi yake ikilegea, unapanda mlima ukiwa na nyuzi 93 tu, na injini yenyewe hufanya kazi karibu na hapo. Unaona hesabu hiyo?

Halafu tafuta fundi mwenye pampu ya mkono ya kupimia presha. Inafungwa mahali pa kifuniko, unapampu hadi ba 0.9, usizidishe, unaacha robo saa. Mshale ukishuka, maji yanatoka mahali. Usipoona tone nje, toa hita plagi zote nne (zile za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha), iache na presha yake, kisha piga stata. Tundu litakalotema maji ndilo lenye kesi. Ukipiga stata bila kutoa hita plagi na silinda ina maji, unapinda koni rodi, fimbo inayoshika pistoni, kwa sababu maji hayashindiliki.

Kamunye_Masaka_Road

Maneno mengi. Toa thamostati utupe. Nimeendesha kamunye, basi dogo la abiria, miaka 9 bila thamostati na sijawahi kuchemsha.

Mzigo_Malaba

Haya, imeanza.

Fundi_wa_Nozo

Ssebo, injini nyingi za Toyota zina thamostati yenye sahani mbili. Ya juu inafungua njia ya rejeta, ya chini inaziba njia ya mkato. Ukiitupa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Mlimani ndipo utajua. Na siku nyingine injini haifiki joto lake, inakula dizeli na kutoa masizi.

Kuipima hakuhitaji fundi. Itie kwenye sufuria ya maji, ining'inize kwa uzi isiguse chini, weka kipimajoto. Nambari imegongwa juu yake, 76 au 82 au nyingine. Ianze kufunguka karibu na hapo, na maji yakikaribia kuchemka iwe wazi karibu sentimita moja. Isipofunguka, hapo sawa, tupa. Lakini nunua nyingine.

Kamunye_Masaka_Road

Miaka 9.

Shangazi_Dizeli, Jumanne saa 10 jioni

Mwanangu Mpitanjia, ngoja nikusimulie ili usirudie yangu.

Nilikuwa na Hilux Surf, injini hiyohiyo. Ilianza kama yako, lita moja kwa siku mbili. Fundi wangu, ambaye nilimwamini hadi nikampa mwanangu amfundishe kazi, akasema gasketi. Tukafungua, tukaweka mpya, laki 9 enzi hizo. Wiki tatu, ikarudi palepale. Akasema gasketi ilikuwa feki. Tukafungua tena, tukaweka ya bei kali. Mwezi mmoja. Mara ya tatu akasema hedi imepinda, ikapelekwa kwenye mashine kusawazishwa. Nikauza ng'ombe mmoja wa mama yangu, nasema ukweli.

Basi nikasafiri kwenda Kisoro. Nimetoka Kabale vizuri, niko kwenye zile kona za Kanaba, ukungu, lori mbele yangu linatambaa. Mshale ulipanda kidogo, kisha UKASHUKA. Mimi mjinga nikafurahi, nikasema injini imepoa. Kumbe maji yalikuwa yameisha, na ile sensa ilikuwa imebaki kwenye hewa, haina maji ya kupima. Nikaendelea kupanda nikimshukuru Mungu. Dakika kama tano, nguvu zikaisha, nikasikia mlio kama wa mtu anayekoroma, ikazima. Tulilala ndani ya gari, mimi na shemeji yangu na kuku wanne.

Ilipokuja kufunguliwa Mbarara na mzee mmoja mtaratibu, aliiosha hedi, akaiziba njia zake za maji, akaijaza hewa na kuizamisha kwenye beseni la maji ya moto. Mapovu yakatoka katikati ya valvu mbili. Ufa mwembamba kama unywele. Ulikuwepo tangu siku ya kwanza! Gasketi zote tatu zilikuwa nzima. Akaniambia hedi ya injini hiyo ni aluminiamu, ikichemka mara moja vizuri inaweza kupasuka, na ufa mwingine hufunguka tu ikiwa ya moto, ndiyo maana beseni ni la maji ya moto. Yeye alinitoza elfu 80 kwa jibu ambalo mwenzake alilikosa kwa karibu milioni 3.

Kwa hiyo ukikubali hedi ifunguliwe, usiruhusu irudi juu bila kupimwa ufa. Kaa hapohapo kwenye kigoda.

Mzigo_Malaba

Pole shangazi. Na wale kuku?

Shangazi_Dizeli

Walifika. Mmoja alitaga njiani.

Afande_Mstaafu

1HZ isingelala Kanaba.

Dada_wa_Kisekka

Nauza spea, kwa hiyo mnisikilize kwa tahadhari. Ile injini ya milioni 7: unanunua 1KZ nyingine yenye hedi ileile na historia usiyoijua. Ukiitaka, dai hedi ipimwe kabla hujalipa. Muuzaji akikataa, ameshakujibu. Na usidhani utakuja kuagiza Prado nyingine kama hiyo, tangu 2018 gari lililozidi miaka 15 haliingii Uganda. Hizo zilizopo ndizo hizo.

Kuhusu rejeta, za laki 6 nyingi ni nyembamba kuliko ya asili. Hesabu safu za mirija kabla ya kulipa. Wakati mwingine ile yako ya zamani ikifumuliwa Katwe, ikasuguliwa mirija kwa waya na kuunganishwa upya, inakuwa bora kuliko mpya.

Mwana_wa_Tanga

Na unaweka maji au kulanti, ile dawa ya rejeta?

Mpitanjia_Entebbe

Maji ya bomba.

Fundi_wa_Nozo

😩

Kamunye_Masaka_Road

Maji ya bomba hayana shida. Mimi nachota hata kwenye kinamasi cha Lwera.

Mzigo_Malaba

Huyu bwana gari lake lina kambare. Kulanti inakinga kutu, kaka, haihusu baridi ya Ulaya tu. Bila hiyo, chuma cha bloku na aluminiamu ya hedi vinakulana polepole, na ile tope ya kahawia inakwenda kulala kwenye mirija ya rejeta. Ila usichanganye hovyo hovyo, kijani ya huyu na nyekundu ya yule. Nyingine zinaganda kama uji.

Mpitanjia_Entebbe, Ijumaa usiku

Nimerudi na majibu. Kifuniko nimenunua kipya. Thamostati nimeichemsha jikoni, imefunguka vizuri (mke wangu ameitaka sufuria nyingine). Mpira asubuhi ulikuwa laini. Pampu ya presha: tuliacha ba 0.9, baada ya robo saa ikawa 0.75. Nje hatukuona tone. Hita plagi hatukutoa, moja imeng'ang'ania na fundi aliogopa kuikata. Kuna kimiminika cha bluu cha kunusa gesi ya silinda kwenye rejeta, hubadilika rangi ikiwepo; kilibaki bluu. Halafu alipima rejeta kwa ile bunduki ya kupimia joto: sehemu kubwa nyuzi 80 hivi, lakini kona ya chini kushoto ilikuwa 51.

Kwa hiyo ni rejeta, si ndiyo? Bunduki imesema.

Dada_wa_Kisekka

Kona hiyo imeziba, ndiyo. Maji ya moto hayafiki.

Fundi_wa_Nozo

Imeziba, sawa, lakini kuziba hakupotezi lita moja. Presha iliyoshuka imekwenda wapi? Na kile cha bluu, mlikipima injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma tu gari limesimama, au ikiwa na mzigo? Dizeli ikiwa sailensi inavuta hewa nyingi na mafuta kidogo, gesi ya kaboni ni haba, kimiminika kinaweza kubaki bluu huku hedi ina ufa. Ipandishe moto kwanza, iendeshe mlimani, kisha upime. Na kwa dizeli usingoje njano kama ya petroli, ikigeuka kijani inatosha kukuumiza.

Mpitanjia_Entebbe

Ilikuwa sailensi. Dakika mbili.

Mwana_wa_Tanga

Zulia la abiria wa mbele limelowa? Rejeta ndogo ya hita, ile ya kupasha joto ndani ya gari, huvujia ndani na nje huoni kitu.

Mzigo_Malaba

Na Prado nyingi za Japani zina hita ya nyuma pia. Mabomba yake ya chuma yanapita chini ya gari na yanaoza kwa kutu. Linavuja likiwa linatembea, upepo unakausha, ukisimama hakuna tone. Mimi langu lilinisumbua miezi, nikayakata na kuyaziba kwa elfu 40. Nani anahitaji hita Uganda?

Shangazi_Dizeli

Nenda Kabale mwezi wa sita, kisha uulize tena hilo swali.

Mpitanjia_Entebbe

Zulia ni kavu. Chini sijaangalia, nitaangalia kesho. Wazee wameshasikia habari ya gari na sasa wanasema wakodishiwe kamunye.

Kamunye_Masaka_Road

Nipo tarehe 20. Watu 14, bei tunaelewana, tunasimama Lukaya wale kuku.

Fundi_wa_Nozo

Bila thamostati?

Kamunye_Masaka_Road

Miaka 9.

Afande_Mstaafu

Mpitanjia, ulipata kuangalia zile hita plagi? Usiache hiyo kazi nusu.

Kijana_Mbale, Jumapili

Samahani wakubwa, nami nina Noah ya petroli, feni haizimi hata nikitoa funguo. Tatizo ni nini?

Mzigo_Malaba

Fungua mada yako, kijana. Na utaje injini.