Mgongo na mguu wa kushoto vyanitesa, naomba ushauri
Asalaam aleikum jamani, mie ni dereva wa tuktuk hapa Mombasa, kutwa nazunguka Bamburi na Kongowea, sasa yapata miezi miwili mgongo waniuma kwa chini halafu maumivu yashuka matakoni, nyuma ya paja mpaka kidole kidogo cha mguu, kama shoti ya stima vile. Nikipiga chafya ndo balaa, na nikikaa nusu saa tu mguu wafa ganzi. Kutembea afadhali wallahi. Nimepigwa picha ya MRI, diski (ule mto laini wa kati ya pingili) baina ya L5 na S1, pingili za chini mgongoni, imetokeza yabana neva, daktari kanipa dawa na kanituma fizio (tiba ya mazoezi), asema wengi hupoa bila kupasuliwa, ila mkojo ukianza kunitoka bila kujua ama sehemu za siri zikifa ganzi nikimbie hospitali siku hiyohiyo. Sasa shangazi ameshikilia nikapigwe chuku (kuumikwa), na jirani ataka anikanyage mgongo (huyo simpi)! Aliyepitia haya, fizio ilikusaidia baada ya muda gani? Na kazi uliacha kabisa ama ulipunguza? Maana mwenye tuktuk ataka hesabu yake kila jioni.