Naomba ushauri: Pentax K1000 ya mtumba kabla ya kuitia filamu

Ndugu wapiga picha, salaam. Nimenunua kamera ya filamu aina ya Pentax K1000 kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio hapa Tanga, na kwa kuwa filamu siku hizi ni ghali, ningependa kuijaribu kwa uangalifu. Shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga kwenye filamu) inafyatuka katika kasi zote hata bila betri, jambo ambalo ni la kawaida kwa kamera hii, kwani betri yake huendesha mita ya mwanga tu. Kinachonisumbua ni sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma, ambazo zimeoza zikawa kama lami na zinanata vidoleni. Je, nizibandue na kuweka uzi mweusi wa sufu kwanza, au filamu ya majaribio inaweza kupita hivyo hivyo? Aidha, kwenye jua kali, nikiweka ISO 200 (kiwango cha wepesi wa filamu kupokea mwanga) na tundu la lenzi f/16, mita hunielekeza kwenye kasi ya shata ya 1/60 ya sekunde, ilhali nilitarajia kasi iliyo karibu na 1/250. Betri ni mpya, kwa hiyo binafsi naishuku mita yenyewe. Je, inarekebishika, au niizoee na kupima mwanga kwa simu?