Mafundi wa Mwanza, hivi mkisema "nimetengeneza" huwa mnamaanisha nini?

Wakuu salaam. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa friji za mtumba, hapa siongelei friji naongelea MAFUNDI, na nina hasira mpaka vidole vinatetemeka kwaiyo mtanivumilia nikiandika ovyo.

Mimi nauza samaki wabichi huku Igoma, sato na sangara, mzigo nafata Mwaloni Kirumba alfajiri, unaobaki naweka kwenye friza. Friza ikaanza kugoma kugandisha, inaunguruma usiku kucha samaki wapo laini tu. Nikaita fundi, mtaani wanamsifia balaa. Kaja kafungua nyuma, katoa kimtungi kajaza gesi, kachukua 80,000 yake, kaniambia "dada nimetengeneza, we piga kazi". Kweli ikagandisha. Haikupita muda ikarudi kule kule, nikamuita tena, safari hii akachokonoa kule kwenye swichi ya kurekebisha baridi, akajaza gesi nyingine, "tayari dada, nimetengeneza". Sasa hiyo ya pili ndo kiboko, friza ikawa haizimi kabisa, inatembea mchana na usiku, uniti za LUKU zinakatika hadi mita inalia saa nane za usiku, alafu siku nimejaza mzigo ikazima moja kwa moja. Harufu iliyotoka mule ndani majirani wanaijua, sina haja ya kusimulia.

Nikapata kijana mwingine, kasomea VETA huyo, kafungua mbele yangu na kunionesha kitu kimoja kimoja. Jamani kumbe gesi ya friza haiishi kama ya kupikia! Inazunguka humo humo kwenye mabomba yaliyozibwa miaka na miaka, ukiona imepungua ujue kuna sehemu inavuja. Kwaiyo mtu anayejaza gesi bila kutafuta tundu hajafanya kitu, kakuuzia muda tu. Kazi inavyotakiwa ni utafute panapovuja, uchomelee, ubadilishe ile draya (kichujio kinachonyonya unyevu humo kwenye mabomba), uvute hewa yote itoke kwa mashine ya vakyumu, ndo uweke gesi, tena kwa kupima kwenye mizani maana gramu zimeandikwa kwenye kikaratasi cha friza yenyewe pamoja na aina ya gesi. Yangu imeandikwa R600a, ambayo inashika moto kirahisi, na bwana yule sikumuona na mizani wala hakusoma hicho kikaratasi. Na ile swichi? Termostati kaiondoa kazini, kaunga waya mbili dairekti kazungushia selotepu! Ndo maana ilikuwa haizimi, hakuna kitu cha kuiambia baridi imetosha, kompresa imechemka mpaka imeungua.

Kuunga waya na selotepu nako ni kutengeneza??

Nimekaa nikawaza hili neno nikaona ndo kichaka chao. Tengeneza Kiswahili ni kila kitu. Kiwanda kinatengeneza soda, mama anatengeneza juisi, saluni wanatengeneza nywele, mtu anatengeneza hela, polisi nao tunasema wamemtengenezea mtu kesi. Kuunda kitu ambacho hakikuwepo ni kutengeneza, na kurudisha kilichokufa ni kutengeneza. Fundi wangu labda alimaanisha ile maana ya kwanza, kaniundia friza mpya isiyozima.

Ila hata kwa sarufi tu hawana pa kutokea. Tengeneza imetoka kwenye tengenea, yani kukaa sawa, mambo yakitengenea ina maana yamekuwa vizuri. Kutengeneza ni kukifanya kitu kitengenee. Kama hakijatengenea, wewe hujatengeneza, umeshika shika tu, na pesa ya kushika shika hailipwi!

Angalieni mafundi wengine. Wa viatu anashona. Wa gereji atakwambia nabadilisha breki, nanyoosha bodi, hii ni sevisi, hii inabidi tushushe injini. Kule mwaloni anayeunda mtumbwi hasemi kitu kimoja na anayekalafati, huyu anaziba mianya ya mbao tu na kila mtu anajua bei zake ni mbili tofauti. Na fundi pancha ndo namheshimu kuliko wote, anatoa tyubu, anaizamisha kwenye karai la maji, mapovu yanatoka unayaona kwa macho yako, anaziba, anairudisha tena kwenye maji uone hakuna povu. Buku lako analichukua na hamna ugomvi. Sasa yule kijana wa VETA kafanya hivyo hivyo, kapaka povu la sabuni kwenye mabomba likaanza kufura pale kwenye kiungo, nikaliona tundu. Kumbe inawezekana! Kwanini wa 80,000 ashindwe kufanya anachofanya wa buku?

Hata serikali wakiongelea meli hawasemi wametengeneza wakaishia hapo. MV Victoria ilivyorudi majini 2020 kama New Victoria Hapa Kazi Tu walisema ukarabati, na wakataja mpaka injini mpya. Mimi nimeambiwa "nimetengeneza" nikabaki nakodoa macho.

Na mnajua nilivyompigia anirudishie hela akajibu nini? "Dada ukinichafulia jina NTAKUTENGENEZA." Naapa. Kumbe neno analijua kwa upana wake wote, hadi la vitisho lipo. Sitamtaja kwa sababu nina watoto.

Kuanzia sasa fundi akikanyaga kwangu anaandika kwenye karatasi: nimeziba wapi, nimebadilisha nini na kile cha zamani nakitaka mkononi, nimeunga nini, nimejaza gramu ngapi. Akiandika "matengenezo 80,000" simlipi, tuitane kwa mwenyekiti wa mtaa.

NYONGEZA: Kuna mdau hapo chini ananiambia tatizo ni umeme kukatika katika, ningenunua friji gadi. Mkuu gadi ninayo, inachelewesha umeme dakika kadhaa ukirudi ili kompresa ipumzike, haizibi tundu la bomba wala haitoi selotepu. Soma uzi kwanza. Na wewe unayesema nilitaka rahisi, 80,000 ni rahisi kwa nani, nauza samaki mimi siuzi dhahabu.

Kijana wa VETA anasema kompresa inabidi ibadilishwe na yeye mashine ya vakyumu aliazima, mwenye mashine kaichukua. Kama kuna anayemjua fundi wa friza Mwanza, iwe Buzuruga, Nyakato, Nyegezi hata Kisesa, mwenye vakyumu yake na mizani yake, aje PM leo. Mzigo wa watu nimeuhifadhi kwenye barafu za kununua na hazifiki kesho jioni.