Eti "masikio yapumzike, macho yafanye kazi"! Huyu MC nani alimpa maiki?

Wakuu, nina hasira za kutafuna bati. MC mwenyewe mnamjua, yule wa miwani ya jua saa nne usiku. Simtaji.

Jana usiku wa mashairi na wasanii wa kujitegemea. Bango lina sura kumi na mbili, mwanamke ni mimi peke yangu, tena chini kabisa, nimebanwa na namba ya kulipia kiingilio. Nikanyamaza. Zamu yangu inafika, mtu mzima na ndevu zake anashika maiki: "Haya wanangu, masikio yapumzike, macho yafanye kazi."

MACHO YAFANYE KAZI! Ukumbi mzima kicheko, hata paka wa jikoni nadhani alicheka. Nina shairi la mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho vimetulia, halafu watu wanaambiwa wasisikilize!

Waliotangulia walikuwa "simba wa mtaa" na "mwanafalsafa". Mwanafalsafa kasoma kwenye simu, chaji ikamwishia katikati, kapigiwa makofi. Mimi ubeti wa tatu maiki ikazimwa, eti jamaa wa biti anajaribu spika. Macho yafanye kazi, kweli?

Wanawake wenzangu: Mwana Kupona, mshairi wa zamani, katunga utendi wake 1858. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, kavuka bahari hadi Bombay 1928 kurekodi santuri. Mimi leo ni pambo la ukumbi!

Mla_Urojo: Pole dada. Weka picha basi, tujue kama macho yalifanya kazi.

MamaVina: Mla_Urojo ndiye MC mwenyewe, tumeshakujua. Mimi huyohuyo alinipandisha jukwaani kama "shemeji yetu". Sina hata mchumba!

Kobe Mkavu: Mwana Kupona umemleta wa nini? Utendi wake unamuusia binti amtii mumewe.

Mleta uzi: Nimeusoma, babu! Aliandika na anasomwa mpaka leo. Hakuna aliyesema macho yafanye kazi!

Dogo Biti: Hata sisi wanaume tunaumia. Kuna prodyuza kakalia wimbo wangu tangu Ramadhani, nikipiga simu anasema umeme.

MamaVina: Huyo wa juu ya duka la nondo? Kwangu alisema kompyuta imeingia maji.

Dogo Biti: Huyohuyo! Kumbe tuko wengi.

Mla_Urojo: Mimi nilimlipa yote mkupuo. Nicheke nini tena.

Mleta uzi: Jamani, MC je?

Kobe Mkavu: MC tumemsikia. Ila ukumbi ule chipsi mayai buku nne, yai moja?

Mla_Urojo: Moja, tena limetandazwa mpaka unaona sahani.

MamaVina: Na kachumbari wanauza pembeni.

Dogo Biti: Mwenye namba mpya ya prodyuza anitupie inboksi.