Mjadala: Volkano ya nchi kavu au joto la chini ya bahari, uhai ulianzia wapi?

Wakuu, naleta hoja. Kuna maelezo yanayosambaa sana kwamba uhai ulianza kwa radi za volkano: majivu yanaruka, umeme unapiga, gesi zinageuka kuwa kemikali za uhai. Nakubali nusu tu. Volkano ilihusika, ila kwa maoni yangu mchango wake mkubwa ulikuwa mawe yake na madimbwi ya nchi kavu yaliyojaa na kukauka mara kwa mara.

Anayetaka kuleta habari za Muumba namheshimu, mimi mwenyewe ni muumini. Hapa tubanane kwenye mawe na kemia.

Nianze na radi maana ndiyo yenye mashabiki wengi. Mwaka 1953 Stanley Miller, mwanafunzi wa Harold Urey kule Chicago, alijaza methani, amonia, hidrojeni na mvuke wa maji kwenye vyombo vya kioo, akapitisha cheche za umeme. Zikapatikana asidi amino, zile zinazounda protini. Alikuwa na mtambo mwingine uliorusha mvuke kwa nguvu kwenye zile cheche, kama volkano inavyofanya, lakini vichupa vyake vikabaki kwenye maboksi mpaka akafariki mwaka 2007. Jeffrey Bada, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alivipima upya na wenzake kwa mashine za kisasa, na mwaka 2008 wakatangaza kukuta aina 22 za asidi amino.

Safi. Lakini asidi amino hata vimondo vinazo. Kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 kilikuwa nazo tele. Shughuli iko kwenye kuziunganisha. Kila kiungo kinapofungwa, molekuli moja ya maji hutoka, na ukiwa katikati ya bahari, maji hayo hayana pa kwenda. Dimbwi linalokauka juani pembeni ya chemchemi ya moto linaondoa kikwazo hicho bila msaada wa mtu.

Kisha kuna fosfeti, kemikali yenye fosforasi, na hapa ndipo hoja inapofika kwetu. RNA na DNA, molekuli zinazobeba taarifa za urithi, haziundiki bila fosfeti, lakini kwenye maji ya kawaida kalsiamu huikamata ikageuka jiwe. Mwaka 2020 Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha kwamba kwenye maziwa ya magadi mambo ni kinyume: kaboneti, kemikali kuu ya magadi, inaiwahi kalsiamu, fosfeti inabaki huru majini. Kwa hesabu zao inaweza kufika hadi mara 50,000 ya ile ya baharini. Mojawapo ya maziwa waliyotolea mfano ni Magadi, Kenya. Ndiyo, haya haya magadi tunayotia kwenye maharage. Jirani yake, Natron, liko chini ya Ol Doinyo Lengai, volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kaboneti ya sodiamu. Inatoka nyeusi, ikikutana na unyevu inageuka nyeupe ndani ya siku chache.

Asije mtu akasema nimedai uhai ulianzia Natron. Maziwa yale ni ya juzi, uhai una zaidi ya miaka bilioni 3.4. Ninachosema ni kwamba mawe ya volkano yakioshwa na maji kwenye bonde lisilo na mto wa kutokea, maziwa ya namna hiyo hujitengeneza, na dunia changa ilijaa mawe hayo.

Timu ya bahari, wanaosema uhai ulianzia kwenye chemchemi za moto chini ya bahari, nao si wa kupuuzwa. Wana Lost City, eneo la chemchemi hizo lililogunduliwa mwaka 2000 chini ya Atlantiki: minara ya mawe meupe, mmoja una urefu wa mita 60, inatoa maji ya moto yenye hidrojeni. Tofauti ya asidi kati ya maji hayo na bahari inafanana na ile ambayo seli zetu zinatumia kupata nguvu mpaka leo. Hiyo hoja ni nzito, sibishi. Ila hidrojeni yake inatoka kwenye mwamba unaomenyuka kikemia na maji ya bahari. Volkano haihusiki moja kwa moja pale.

Na upande wangu una kidonda chake. David Deamer, mtetezi mkubwa wa madimbwi, alikwenda Kamchatka, Urusi, akamwaga mchanganyiko wa kemikali za uhai kwenye dimbwi linalochemka la volkano ya Mutnovsky. Hakuna kilichoungana, nyingi zilinaswa na udongo wa mfinyanzi, zikapotea. Kwangu hilo linaondoa madimbwi yenye asidi kali kama lile, na ndiyo sababu nasimama na magadi.

Sasa timu ya bahari, nijibuni: fosfeti mnaitoa wapi, na maji mnayaondoaje?