Yadi ya hapa Mtwara imefuta taa ya injini, ikaniuzia gari lililokatwa masega ya bomba la moshi

Wakuu, nina hasira na naandika nikiwa nazo.

Msimu wa korosho ukifika, hela za mnada zikianza kuingia kwenye akaunti za wakulima, Mtwara hujaa magari ya kuuza. Yanashushwa kutoka Dar, yanaoshwa, matairi yanapakwa dawa yang'ae, yanapangwa kando ya barabara. Nami nimenunua moja, kigari cha Kijapani cha cc 1490, kwa mwenye yadi hapa hapa mjini. Jina silitaji, anajijua.

Sikwenda kichwa kichwa, nilikwenda na fundi. Tukawasha swichi bila kupiga stata, taa zote za dashibodi zikawaka, ya injini ikiwemo. Injini ilipowaka zote zikazima, kama inavyotakiwa. Fundi akachomeka mashine chini ya usukani, ikasema hakuna kodi, yaani zile namba za ubovu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari. Tukazunguka nalo hadi Shangani, kimya. Nikalipa, tukaandikishana.

Taa imekuja kuwaka niko safarini kwenda Masasi. Ya njano, imetulia. Nikampigia muuzaji. "Bosi, hiyo ni sensa tu, magari haya yote yanayo, we endesha." Napandisha Newala, taa ikaanza kupepesa, gari linamisi, linatetemeka kama mtu mwenye homa, nguvu hakuna. Niliseme hili kwa kila mwenye gari: taa ya injini ikiwa imetulia, unao muda wa kufika kwa fundi. Ikipepesa, punguza mwendo na utafute pa kusimama. Hapo kuna silinda haichomi, na petroli mbichi inakwenda kuungulia kwenye bomba la moshi.

Fundi wa huko akapima, zikatoka kodi mbili, P0303 na P0420. Ya kwanza ni misi kwenye silinda ya tatu, koili inayopeleka umeme kwenye plagi inakufa ikishapata moto. Ya pili inahusu masega, kile kichujio cha kusafisha moshi kilicho ndani ya kopo kwenye bomba la moshi. Akaingia chini ya gari, akaniita nijionee: kopo la masega limepasuliwa, vya ndani vimetolewa, likachomelewa upya na kupakwa rangi nyeusi ili mchomeleo usionekane. Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na soko lake kila mtu analijua. Kuna mtu amekula hela ya masega, kisha nimeuziwa gari kwa bei ya gari zima!

Sasa sikieni walivyofanya. Mashine ile ile inayosoma kodi ndiyo inayozifuta, ni kubonyeza tu. Taa inazima, ubovu unabaki palepale. Kompyuta ya gari inaanza upya kujipima, na kipimo cha masega hakikamiliki kwa kuzunguka mjini. Injini inatakiwa ipate moto, gari litembee mwendo wa safari bila kusimama simama, na mara nyingi safari moja haitoshi. Kwa hiyo mnunuzi anaonyeshwa dashibodi safi, anafurahi, analipa, na taa inamkuta porini akiwa na watoto ndani.

Lakini kufuta kunaacha alama, na hili mafundi wengi hawaliangalii. Mashine nzuri ina ukurasa unaoonyesha vipimo ambavyo havijakamilika, na kwa magari mengi inaonyesha pia kilomita zilizotembewa tangu kodi zifutwe. Za gari langu zinalingana na kilomita nilizotembea mimi tangu nilitoe yadi. Walifuta likiwa mikononi mwao, mteja yuko njiani.

Nimemrudia. Kwanza eti betri ilibadilishwa, ndiyo maana kumbukumbu ilifutika. Betri haikati bomba la moshi. Nilipomwonyesha picha akageuka: gari nililiona, nikaridhika, nikasaini. Niliridhika na nini? Na kitu alichokificha kwa rangi nyeusi?

Na ninyi mafundi mnaolipwa jioni kufuta taa ili gari lionyeshwe asubuhi, mnashiriki. Mnajua mnachokifanya. Barabara ya Newala haina sheli kila kona, mtu akikwama usiku na familia yake ni juu yenu pia.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumhadaa mlaji. Malalamiko nayapeleka Tume ya Ushindani, pamoja na picha za mchomeleo, majibu ya mashine na mkataba wetu. Ninachodai ni koili na masega mapya kwa gharama yake, ama achukue gari lake anirudishie hela yangu yote.

Aliyenunua gari yadi za Mtwara au Lindi msimu huu, usisubiri taa iwake. Mwambie fundi asome kilomita tangu kodi zifutwe, kisha aingie chini aangalie kopo la masega kama limechomelewa. Ulichokikuta kiandike hapa, na useme yadi iko upande gani wa mji.